Mwalimu Enoeda Niliyemjua Liverpool

Keinosuke Enoeda alifariki dunia mjini Tokyo tarehe 29 Machi 2003, akiwa na umri wa miaka 67. Alikuwa bingwa wa karate wa Japani mwaka 1963, kisha akawa mwalimu mkuu wa mtindo wa Shotokan nchini Uingereza kwa muda mrefu hata vizazi vya wanafunzi vikapita mikononi mwake. Waliomwandikia tanzia wengi walianza na ubingwa ule. Mimi nilimjua Liverpool, nikiwa kijana wa Mombasa niliyekwenda kusomea ufundi wa mitambo ya meli, na kwa kuwa wenzangu wengi wa wakati ule wameshatangulia mbele ya haki, naona ni wajibu wangu kuyaandika niliyoyaona. Ubingwa aliupata kwa siku moja. Kufundisha alifundisha hadi mwisho wa uhai wake, na ukubwa wake ulikuwa huko.

Alizaliwa tarehe 4 Julai 1935 katika mkoa wa Fukuoka, kisiwani Kyushu, kusini mwa Japani, katika ukoo wenye asili ya samurai. Alianza na judo akiwa na miaka saba, na alipofika miaka kumi na sita alikuwa tayari na mkanda mweusi wa dan, yaani daraja, ya pili. Naitaja judo makusudi, kwani miguu yetu sisi wanafunzi ilikuja kuionja. Karate aliianza alipoingia Chuo Kikuu cha Takushoku, Tokyo, chuo kilichosifika kwa mazoezi makali kuliko vyote. Huko ndiko alikotoka Masatoshi Nakayama, aliyekuja kuwa mwalimu mkuu wa Chama cha Karate cha Japani, JKA, na huko ndiko alikotoka Hirokazu Kanazawa pia. Enoeda alipata mkanda mweusi wa karate kwa miaka miwili, akaja kuwa nahodha wa klabu ya chuo, na alipohitimu akajiunga na kozi ya walimu ya JKA.

Kozi hiyo ndiyo iliyomfanya awe mtu tuliyemjua baadaye. Aliyeingia alikuwa ameshaiva, ana mkanda mweusi na sifa ya kupigana, lakini alirudishwa kwenye hatua ya kwanza kabisa. Alipambana na waliomtangulia mpaka kiburi kikamwisha, na juu ya hayo akatakiwa ajue sababu ya kila kitu: kwa nini nyonga itangulie ngumi, kwa nini goti la mbele lipindwe hivi na si vile, kwa nini mtu atoe pumzi anapopiga. Japani ilikuwa inaandaa watu wa kuipeleka karate duniani, na ilitaka wawe wapiganaji wanaojua kufundisha.

Mashindano yenyewe yalikuwa jambo jipya. Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule kutoka Okinawa aliyeionyesha karate Tokyo mwaka 1922, hakupenda karate igeuzwe mchezo wa kushindania. Alifariki Aprili 1957, na baadaye mwaka huohuo JKA ikafanya mashindano yake ya kwanza ya Japani nzima. Kanazawa ndiye aliyeshinda upande wa kumite, yaani mapambano, na alipigana akiwa na mkono uliovunjika.

Vijana wa leo waliozoea glavu, helmeti na ubao wa pointi unaowaka taa wajue namna mashindano yale yalivyokuwa. Mikono ilikuwa mitupu. Pointi moja kamili, inayoitwa ippon, ilimaliza pambano. Ngumi ilitakiwa itoke kwa nguvu zote, kwa mkao sahihi, kwa wakati wake, kisha isimame karibu na ngozi bila kumwumiza mwenzako. Aliyepiga ovyo hakupewa kitu, na aliyeumiza aliweza kutolewa. Kwa hiyo wawili walisimama wakitazamana kwa muda mrefu, kila mmoja akijua kuwa kosa lake la kwanza ndilo la mwisho. Mwaka 1962 bingwa alikuwa Hiroshi Shirai. Mwaka 1963 Enoeda alikutana na Shirai huyohuyo kwenye fainali, akamshinda. Watu wakamwita Simbamarara, na jina hilo likamganda maisha yake yote.

Baada ya hapo alifuatana na Nakayama kwenda Indonesia, ambako walifundisha walinzi wa Rais Sukarno pamoja na askari. Mwaka 1965 JKA ikawatuma ng'ambo walimu wanne kwa pamoja: Taiji Kase, Kanazawa, Enoeda na Shirai. Walizunguka wakifanya maonyesho, wakafika Uingereza mwezi wa Aprili. Uingereza wakati ule ilikuwa na karate changa, iliyoanzishwa na Vernon Bell mwaka 1957. Watu walijifunza kwa kutazama picha vitabuni na kwa kumngoja mwalimu mgeni apite. Kanazawa alibaki London. Enoeda alikwenda Liverpool.

Klabu ya Liverpool iliitwa Red Triangle, kutokana na alama ya pembetatu nyekundu ya YMCA, kwa kuwa ilianzia humo mwaka 1959. Ni miongoni mwa klabu kongwe za karate nchini humo. Nilipelekwa na Msomali mmoja baharia tuliyekuwa tukiishi naye nyumba moja mtaa wa Toxteth, upande ambao Waafrika wengi wa Liverpool walikaa: watu wa Nigeria, Siera Leone, Somalia, na sisi wachache wa pwani ya Afrika Mashariki. Ilikuwa mwaka 1966. Mwaka ule Eusébio, mtoto wa Lourenço Marques, Maputo ya leo, alipachika mabao manne katika uwanja wa Goodison Park, Ureno ilipoitoa Korea Kaskazini kwenye Kombe la Dunia, na sisi Waafrika wa Toxteth tulitembea tumeinua vichwa.

Kuinua kichwa hakukuwa jambo dogo. Siku zile mwenye nyumba aliweza kuandika dirishani kwamba hataki mtu mweusi, na sheria ilimruhusu. Sheria ya kupinga ubaguzi ya mwaka 1965 haikugusa nyumba wala kazi, na ilibidi kungoja ile ya 1968. Kijana mweusi akitembea peke yake usiku alikuwa anaangalia nyuma. Nami nilikwenda karate kwa sababu hiyo na si nyingine. Nilitaka nijue kupiga mtu.

Siku za mwanzo hatukupiga mtu. Tulisimama kwenye safu, wenye mikanda ya juu upande mmoja na sisi wa mikanda myeupe upande wa pili, baadhi yetu tumevaa kimono za judo za kuazima. Sakafu ya ukumbi ilikuwa ya mbao, na wakati wa baridi ilikuwa inauma nyayo. Tulipiga magoti, tukafumba macho, tukainama kumsalimu mwalimu, kisha tukaanza kwenda mbele na kurudi: hatua moja, ngumi moja, hatua moja, ngumi moja. Yeye alihesabu kwa Kijapani. Kiingereza chake wakati ule kilikuwa kidogo, na wala hakikuhitajika.

Hakuwa mrefu. Alikuwa amejengeka kifua na mapaja, na macho yake ndiyo kila aliyemwona huyataja kwanza. Akikukazia macho ulisahau habari ya mikono yake. Vifundo vya vidole viwili vya mwanzo vilikuwa na sugu ngumu iliyotokana na makiwara, ule ubao unaosimikwa na kufungwa kamba ya majani ya mpunga ili upigwe ngumi. Akitoa ukelele wa kiai, ukumbi mzima ulitikisika, na wapita njia waligeuka.

Mkao aliokuwa akiutaka ni ule wa mguu mmoja mbele, goti limepindwa, na wa nyuma umenyooka. Ni mkao anaojifunza kila mtoto siku ya kwanza. Enoeda angeweza kumaliza saa nzima juu yake. Alipita nyuma ya safu, akamfikia mtu, akakanyaga kisigino chake cha nyuma kishike sakafu. Kisha alishika mkanda kiunoni kwa mikono miwili na kuuzungusha, nyonga ikageuka, na ngumi ikatoka yenyewe. Hapo mtu alihisi kwa mara ya kwanza kwamba nguvu haikai begani. Inaanzia kisiginoni, inapanda pajani, inageuzwa na nyonga, na mkono unaitoa tu. Maneno yasingeweza kutufunza hivyo. Mkono wake kwenye mkanda ulitosha.

Halafu kuna ngwala. Nimeona watu wengi wakikata ngwala, kutoka watoto wa mitaani kwetu hadi mabingwa, lakini sijaona kama ile. Kulikuwa na mpakua mizigo mmoja wa bandarini, pande la mtu, aliyekuwa na mazoea ya kuingia kwa kasi na ngumi ndefu. Mwalimu alimwita mbele. Yule bwana akajitupa kama kawaida yake. Enoeda hakurudi nyuma wala hakukinga. Alingoja mguu wa mbele wa yule bwana ukaribie kutua, uzito ukiwa njiani kati ya mguu mmoja na mwingine, kisha unyayo wake ukaupita pale chini ya kifundo. Mguu ukaondoka. Kabla yule bwana hajafika chini, ngumi ya mwalimu ilikuwa imeshateremka na kusimama juu ya pua yake, na mkono wa pili umemshika ukosi wa kimono ili kisogo kisigonge sakafu. Hapo ndipo judo ya utotoni ilipoonekana. Mguu uliokwisha kusimama huukati, na uliokwisha kuinuka hauna uzito. Kuna nafasi moja katikati, fupi kuliko kupepesa jicho, naye aliijua. Kisha akamwinua yule bwana na kucheka naye kicheko kikubwa cha furaha, na sote tukacheka. Alikuwa na kicheko hicho, ambacho wasiofika ukumbini kwake hawakukijua.

Mkono ule wa pili kwenye ukosi nimeufikiria sana katika umri huu. Mtu aliyefundishwa kumaliza pambano kwa pigo moja alikuwa, ndani ya pigo hilohilo, anamlinda mwanafunzi wake. Kila mwisho wa somo tulikaa magotini tukasoma kwa sauti zile kanuni tano za ukumbi: mtu atafute ukamilifu wa tabia, awe mwaminifu, ajitahidi, aheshimu wengine, ajizuie na ukatili. Wengi tulizisoma kwa mazoea. Kwake nilikuwa nimeziona kwa macho, zikitendwa.

Na katika safu ile kulikuwa na jambo lingine ambalo Mwingereza mwenzangu huenda hakuligundua, kwa kuwa hakulihitaji. Nafasi yako ilitokana na mkanda wako. Mkanda wako ulitokana na mtihani. Kule nje niliulizwa nimetoka wapi na nitarudi lini. Ndani ya ukumbi mtoto wa wakili, mpakua mizigo, mwanafunzi wa chuo na mimi tuliinamiana sawasawa, na aliyechelewa aliinama mlangoni akangoja ruhusa, awe nani awe nani. Mwaka 1968 mwanasiasa Enoch Powell alipotoa hotuba yake mjini Birmingham dhidi ya wageni, na mwaka huohuo bunge lilipopitisha sheria ya kuwafungia mlango Waasia wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Kiingereza, nilikuwa na mahali pamoja katika nchi ile ambapo mtu alinipima kwa kazi yangu. Sijasahau, na sitasahau.

Enoeda alihamia London baadaye, lakini mbegu ya Liverpool ilikuwa imeshaota. Andy Sherry, mmoja wa Waingereza wa kwanza kabisa kupata mkanda mweusi wa Shotokan, alikuja kuwa bingwa wa Uingereza na kuiongoza Red Triangle. Terry O'Neill alikuwa bingwa, na akaanzisha jarida la sanaa za mapigano lililosomwa dunia nzima. Billy Higgins alifika fainali ya mashindano ya dunia mjini Paris mwaka 1972 na kushika nafasi ya pili. Wote hao niliwaona kwenye sakafu ileile, wakitoka jasho na kurudia hatua moja na ngumi moja.

Kisha yakaja mashindano ya Long Beach, Marekani, mwaka 1975. Timu ya Uingereza iliifunga Japani kwenye fainali ya dunia, na ndani ya timu ile walikuwemo watu wa Shotokan waliofunzwa na Enoeda. Na mwaka 1990, mjini Sunderland, katika mashindano ya dunia ya Shotokan, kikosi cha chama cha Enoeda, KUGB, kikiwa na Frank Brennan wa Liverpool, kiliishinda Japani katika kumite ya timu. Wajapani walishindwa na wanafunzi wa Mjapani. Mwenye kuwaza kwa haraka atadhani siku kama hiyo ilimtia mwalimu majonzi. Mimi nasema hiyo ndiyo iliyokuwa medali yake kubwa. Ile ya 1963 ilimhusu yeye na Shirai. Ile ya Sunderland ilithibitisha kwamba alichokijua hakukificha, alikitoa chote, na waliokipokea wakaweza kusimama mbele ya nchi yake na kushinda.

London alikuwa na ukumbi Marshall Street, mtaa wa Soho, ndani ya jengo la mabwawa ya kuogelea la manispaa. Nilipanda humo mara kadhaa nilipokuwa na safari za kazi. Harufu ya dawa ya maji ilipanda mpaka juu, na kelele za watoto wanaoogelea zilisikika chini huku yeye akihesabu. Ilikuwa baada ya filamu za Bruce Lee, hasa ile ya mwaka 1973, na klabu zote zilikuwa zimefurika vijana waliotaka kuruka hewani. Walimu wengine waliwapa walichokitaka. Enoeda aliwapa mkao wa kwanza: goti mbele, kisigino chini, nyonga igeuke. Wengi waliondoka baada ya wiki chache. Waliobaki ndio waliojaza kituo cha michezo cha Crystal Palace, London, kila mwaka kwenye kozi zake, mamia ya watu katika ukumbi mmoja, kuanzia mikanda myeupe hadi walimu wenye klabu zao.

Nikimtazama Crystal Palace miaka ile, niliona jambo ambalo kijana hawezi kuliona. Alikuwa anazeeka, na karate yake ilikuwa inapungua wingi na kuongezeka uzito. Alichofundisha kilikuwa kilekile cha Liverpool. Lakini sasa alipoonyesha, hakuna kilichozidi. Vitabu vyake vya kata, yaani mifululizo ya hatua na mapigo iliyopangwa, vilisambaa hadi kwetu, vikapigwa chapa za mashine za ofisini na kupitishwa mkono kwa mkono. Mwaka 1985 alipandishwa dan ya nane. Nakayama alipofariki mwaka 1987, JKA kule Japani iligawanyika, na walimu wakubwa wakaenda kila mmoja njia yake. Yeye aliendelea na safari zake za mikoani, kutoka mji hadi mji, akiwatahini watoto kwa uso uleule aliowatahini mabingwa. Alipofariki alipewa dan ya tisa.

Niliporudi Mombasa nilianza kufundisha jioni katika ukumbi wa shule, vijana wa Majengo na wa Mji wa Kale. Nao walikuwa wametoka sinema. Waliniuliza lini watafundishwa kuruka, lini watavunja tofali. Nikawasimamisha mguu mmoja mbele. Wazazi walikuja kutazama, mmoja akaniambia, "Mwalimu, mwanangu mwezi mzima anapiga hewa." Nikamjibu, "Mzee wangu, atakapojua kuipiga hewa vizuri, hatatamani kumpiga mtu." Akacheka, lakini mtoto hakumtoa. Mtoto yule leo ni baba wa watu na ana wanafunzi wake mwenyewe. Ninapopita ukumbini kwake namwona anashika mkanda wa mtoto kiunoni na kuuzungusha, nyonga ikageuka. Hajawahi kufika Liverpool.

Kwa hiyo nikiulizwa taaluma ya mtu huyu ilikuwa nini, siwezi kutaja mashindano peke yake. Mshindani ana miaka michache. Mwili unamruhusu, kisha unamkatalia. Enoeda alifika kileleni akiwa hajafika miaka thelathini, na angeweza kuishi kwa jina hilo, akipiga picha na kusimulia. Badala yake alikwenda nchi ya baridi asiyoijua lugha yake, akasimama mbele ya vijana wasiojua hata kufunga mkanda, akaanza na hatua ya kwanza. Na hakuichoka. Hilo la kutochoka ndilo gumu. Kurudia jambo rahisi mbele ya mwanafunzi wa elfu kwa moyo uleule wa mwanafunzi wa kwanza kunahitaji nguvu kuliko kumshinda Shirai.

Karate iliingia Olimpiki mjini Tokyo mwaka 2021, katika michezo iliyocheleweshwa na korona, kisha haikuwemo Paris mwaka 2024. Nimesikia vijana wakisema basi imekwisha, hakuna tena cha kufanyia mazoezi. Sikubaliani nao hata kidogo. Karate ilikuwepo kabla ya medali, na walioibeba kutoka Japani hadi Liverpool na kutoka Liverpool hadi kwetu hawakuibeba kwa ajili ya Olimpiki. Mashindano ni mazuri. Yanampima mtu, yanamtoa woga, yanampa sababu ya kuamka alfajiri. Lakini klabu yenye makombe kabatini na isiyo na mwalimu anayejua kurekebisha kisigino itakufa siku bingwa wake atakapostaafu.

Nawaomba wanaofundisha leo, Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam, Zanzibar na kwingine: andikeni majina ya waliowafundisha, na waliowafundisha hao, mkayabandike ukutani watoto wayasome. Walimu wengi wa kwanza wa miji yetu wanazeeka sasa, wengine wako kitandani, na hakuna aliyekwenda kuwauliza walianzaje. Waendeeni wakiwa hai. Na wewe mzazi unayempeleka mtoto karate, usimuulize mwalimu ameshinda makombe mangapi. Kaa pembeni somo moja zima, utazame anavyomshughulikia mtoto wa mwisho kwenye safu. Akimfikia huyo kwa subira ileile anayomfikia bingwa wake, mwache mtoto hapo.